Kusoma Biolojia Chuo Kikuu: Jibu kwa Wanaouliza "Utatibu Nini?"

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana waliosoma tahasusi za PCB na CBG huanza kujaza maombi ya vyuo, na orodha zao hufanana. Udaktari wa binadamu uko juu, ufamasia unafuata, kisha uuguzi au maabara za afya. Zoolojia, botania, mikrobiolojia, sayansi ya wanyamapori na sayansi ya viumbe wa majini huandikwa chini kabisa, ili mtu asikose chuo. Anayepangiwa huko hupewa pole pale ambapo wenzake wanapewa hongera. Mjomba anauliza, "Sasa hiyo ukimaliza utatibu nini?" Kijana hajawahi kusikia jibu la swali hilo, kwa hiyo anasema atajaribu kuhama kozi.

Swali la mjomba ni la haki. Nyumba nyingi zimeuza mazao na mifugo ili mtoto asome, na zina haki ya kujua kinachonunuliwa. Kosa liko kwetu sisi tulio karibu na vyuo, kwa kuwa tumezoea kuieleza biolojia kama ngazi ya kwanza ya udaktari, kisha tunashangaa aliyebaki kwenye ngazi hiyo anapojiona ameshindwa kupanda. Biolojia ya chuo kikuu ina kazi yake yenyewe. Ni kazi ya kumtambua kiumbe, kujua anaishije mahali alipo, na kumfuatilia kwa miaka ili mabadiliko yake yaonekane mapema. Kwa Afrika Mashariki, yenye maziwa makuu, matumbawe, misitu ya milima ya kale na nyika zenye wanyama wanaohama kwa mamia ya maelfu, kazi hiyo ina uzito ambao nchi nyingine nyingi hazina. Na ndiyo inayopewa muda mdogo na fedha kidogo.

Utafiti wa viumbe hapa petu umeanza kabla ya vyuo vikuu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya biolojia na kilimo Amani, kwenye Milima ya Usambara. Walipanda huko mimea kutoka mabara mengi kwa shabaha ya mashamba ya walowezi: mpira, kahawa, mikwinini. Waingereza waliirithi taasisi hiyo, na mwaka 1936 mtafiti wake H. H. Storey ndiye aliyeandika maelezo ya kwanza ya kisayansi ya ugonjwa wa muhogo ambao leo mkulima wa Pwani au Mtwara anaujua kwa jina la michirizi kahawia. Majani yanaweza kuonekana mazima, na ukichimba unakuta mzizi umeoza kwa madoa ya kahawia. Kwa miongo mingi ugonjwa huo ulikaa zaidi ukanda wa chini, kisha kuanzia mwaka 2004 ukaonekana kuenea kwenye nyanda za juu za Uganda. Aliyetaka kuelewa kilichobadilika ilimlazimu kuanzia kwenye kumbukumbu za Amani. Kumbukumbu ya shamba, ikiwa imeandikwa vizuri, haizeeki.

Lakini vielelezo vingi vya enzi ile havikubaki. Mimea iliyokaushwa ilisafirishwa Berlin, na humo ndimo vilimohifadhiwa vielelezo vya asili ambavyo majina ya kisayansi ya mimea mingi ya kwetu yaliegemezwa kwavyo. Mwezi Machi 1943 bomu liliangukia hebaria ya Berlin na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikateketea. Baada ya vita kazi ya kuiorodhesha mimea yetu ilisimamiwa kutoka bustani ya Kew, Uingereza. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki kilianza kutoka mwaka 1952 na kukamilika 2012, kikiwa na spishi zaidi ya 12,000 za Uganda, Kenya na Tanzania. Miaka sitini! Mwanafunzi wa botania wa leo ana bahati ya kuurithi utajiri huo, na anarithi pia swali la nani atauendeleza, maana orodha ya viumbe huanza kupitwa na wakati siku inapochapwa.

Vyuo vyenyewe vilikuja taratibu. Makerere ilianza kama shule ya ufundi mwaka 1922. Dar es Salaam ilianza 1961 ikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, ikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kitivo chake cha sayansi kikafunguliwa 1965. Muungano huo ulipovunjwa mwaka 1970, Dar es Salaam, Nairobi na Makerere kila kimoja kikashika njia yake. Tiba, kilimo na mifugo vilipata makao yao, Muhimbili na Morogoro, na biolojia tupu ikabaki Mlimani, kampasi kuu ya Dar es Salaam. Hapo ndipo watu walipoanza kuiona kama iliyosalia baada ya wengine kugawana.

Sijui mfano unaoonyesha kazi ya biolojia hiyo vizuri kuliko chura wa Kihansi, na nitakaa naye kidogo.

Mto Kihansi unashuka kutoka ukingo wa Milima ya Udzungwa kwa maporomoko makali. Katika miaka ya 1990 serikali iliamua kujenga hapo mtambo wa umeme wa megawati 180, na ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza wakati wataalamu wa viumbe walipokagua korongo lililo chini ya maporomoko. Mwaka 1996 walikuta humo chura mdogo wa manjano, chini ya sentimita tatu, akiishi kwenye majani yanayolowa daima kwa rasharasha za maji. Eneo lake lote lilikuwa la hekta chache tu. Chura huyu hatagi mayai majini, huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Mwaka 1999 alipewa jina la kisayansi Nectophrynoides asperginis, na miongoni mwa waliomwelezea alikuwa Kim Howell, profesa wa zoolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi.

Hebu tupime hatua hiyo ya kwanza. Mtu aliyemshika yule chura alipaswa kujua kwamba si mtoto wa chura mwingine wala si spishi iliyokwisha kuandikwa. Hakuna mashine inayompa mtu ujuzi huo kwa siku moja. Unatokana na kushika vyura wengi, kusoma maelezo ya zamani, kulinganisha vidole, ngozi na masikio, na kukosolewa na mwalimu aliyeshika wengi zaidi. Somo la uainishaji, ambalo wanafunzi huliona kama kukariri majina ya Kilatini kwa ajili ya mtihani, ndilo lililoipa Tanzania chura ambaye hayuko popote pengine duniani.

Bwawa lilipoanza kazi, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yalipelekwa kwenye mitambo, na rasharasha zikakatika. Vyura wakapungua haraka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walisafirishwa hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, ili kizazi chao kisipotee. Korongoni kulifungwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga rasharasha za zamani, na kwa muda ilionekana imefaulu: kufikia katikati ya 2003 hesabu ilifika maelfu mengi. Kisha ndani ya miezi michache wakatoweka. Uchunguzi ulimkuta kuvu anayeshambulia ngozi za amfibia na ambaye amemaliza spishi nyingi katika mabara mengine. Wataalamu wamejadili pia mchango wa viuatilifu kwenye tope lililofunguliwa kutoka bwawani na wa mabomba yaliyosimama kufanya kazi. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Kule Marekani nako hali haikuwa nyepesi, kwani wengi walikufa kabla watunzaji hawajajua mwanga, chakula na unyevu ambao vyura hao walihitaji. Waliobaki wakazaana Bronx na katika bustani ya wanyama ya Toledo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, kwenye kituo maalumu kilichojengwa Chuo Kikuu, chini ya uangalizi wa wataalamu wa Kitanzania, na kuanzia 2012 walianza kurudishwa korongoni.

Kihansi ni mtaala mzima wa shahada ya biolojia. Alihitajika mwainishaji wa kumtambua chura, mwanaikolojia wa kueleza uhusiano wake na rasharasha, na mtaalamu wa kuvu. Akahitajika mtu wa jenetiki wa kuhakikisha kizazi kidogo hakijifungi kwenye undugu wa karibu, pamoja na mtu wa takwimu wa kusema kama hesabu ya leo imepungua kweli au ni bahati ya siku. Wote hao walikuja baada ya uamuzi wa kujenga. Laiti korongo lingekaguliwa miaka kumi kabla, wahandisi wangekuwa na nafasi ya kuuchora mradi wakijua kilichomo. Hapo mjomba anaanza kupata jibu lake: mwanabiolojia anasaidia nchi ijue ilicho nacho kabla haijakibadilisha.

Sasa tuingie darasani, maana huko ndiko tatizo linakoanza. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hukutana na seli, jenetiki, kemia ya viumbe, wanyama wasio na uti wa mgongo, mimea isiyotoa maua, na takwimu, somo linalotoa sapu (mitihani ya marudio) nyingi na ambalo thamani yake hujulikana baadaye sana. Kwenye maabara nyingi hadubini moja inazungukwa na kundi. Mmoja anaangalia, wengine wanachora alichochora. Ripoti inaandikwa kutoka kwenye desa la waliotangulia, ambalo lenyewe lilinakiliwa kutoka desa jingine, na mchoro wa mzizi unapita vizazi vya wanafunzi bila mtu kuuona mzizi. Sitaki kuwalaumu vijana kwa hilo. Mtu asiyepewa nafasi ya kuangalia atakariri, na akiwa na akili nzuri atakariri vizuri na kupata daraja la kwanza.

Katika hali hiyo yuko mtu mmoja ambaye hatajwi kwenye mijadala ya elimu ya juu: fundi sanifu wa maabara. Yeye ndiye anayejua stovu ipi haifikishi joto, kitendanishi kipi kimeisha muda, panzi wapatikane wapi msimu wa kiangazi. Idara ikipoteza mhadhiri, nafasi hutangazwa. Fundi sanifu mzoefu akistaafu, maarifa yake ya miaka thelathini huondoka naye na mara nyingi nafasi hukaa wazi. Kama ningeulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, ningesema iende kwake na kwa mwanagenzi wake.

Juu ya uhaba huo limekuja wimbi la biolojia ya molekuli. Idara zimegawanyika, shahada mpya za bioteknolojia zimeanzishwa, na kijana anayesema anasoma DNA anasikilizwa kwa heshima ambayo anayesoma konokono haipati. Baadhi ya walimu wa zamani wanalalamika kwamba tunazalisha watu wanaoweza kusoma jeni za mti wasioweza kuutambua msituni. Malalamiko yao yana ukweli, lakini siwaungi mkono wanapotaka molekuli isubiri. Machi 2023 watu walipoanza kufa kwa ugonjwa usiojulikana mkoani Kagera, ni maabara ya molekuli ya nchini iliyoonyesha kuwa ni virusi vya Marburg, na udhibiti ukaanza. Katika mkoa huohuo, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao, wakiongozwa na Deus Ishengoma, wamethibitisha kuwepo kwa vimelea vya malaria vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H, vinavyochelewa kufa kwa dawa za artemisinini. Badiliko hilo lilikuwa limekwisha kuonekana Rwanda. Kusoma jeni hizo ni suala la uhai. Kama hatuna watu wa kuzisoma, sampuli zitapanda ndege na majibu yatarudi msimu wa mvua ukiwa umepita.

Angalia hata hivyo jinsi ugunduzi wa Kagera ulivyopatikana. Kabla ya mashine, kulikuwa na zahanati za Karagwe, wagonjwa walioombwa ridhaa kwa lugha wanayoielewa, matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi na kuandikwa tarehe bila kosa, na ufuatiliaji wa mgonjwa siku baada ya siku. Mashine ilisoma kilicholetwa. Mwanafunzi anayefundishwa molekuli bila kwenda uwandani atakuwa msomaji mzuri wa sampuli za watu wengine, na anayekwenda uwandani bila molekuli atakuwa mchukuzi wa sampuli hizo. Shahada ya miaka mitatu ina nafasi ya vyote viwili, ikiwa itaacha kurudia yale ambayo kidato cha sita kimekwisha kuyafundisha.

Kuna somo moja ambalo hufundishwa kwa haraka na kwa woga, nalo ni mageuko ya viumbe. Wanafunzi wengi huja kutoka nyumba za dini, na wapo wanaoliandika kwenye mtihani kama mtu anayenukuu imani ya jirani. Wahadhiri nao hukwepa mabishano kwa kukimbilia mifano ya vitabu: ndege wa visiwa vya Galapagos, nondo wa Uingereza. Nadhani kukwepa huko kunawakosea wanafunzi, kwa kuwa mifano iliyo bora ipo hapa, na kijana wa dini anaweza kuitazama kwa macho yake bila kutukanwa.

Chukua selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo, takriban 11,000 kila mwaka. Kwa nini jeni inayoua watoto haijafutika? Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya, akaona jeni hiyo ni ya kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Malaria ndiyo iliyoitunza jeni hiyo kizazi baada ya kizazi. Mwanafunzi aliyepoteza ndugu kwa selimundu akielewa hilo, mageuko hayatakuwa tena nadharia ya kigeni. Yatakuwa maelezo ya historia ya ukoo wake, na yatamsaidia pia kuelewa kwa nini kupima damu kabla ya ndoa kuna maana.

Au chukua furu wa Ziwa Viktoria, samaki wadogo ambao mvuvi wa Mwanza hawahesabu kuwa kitu. Ziwa hilo lilikauka karibu lote miaka ipatayo 15,000 iliyopita, na tangu lilipojaa tena zimetokea humo spishi zaidi ya 500 za furu: wala konokono, wala mwani, wala watoto wa samaki, wengine wakwangua miamba. Kasi hiyo ya kuzaliwa kwa spishi ina mifano michache mno duniani. Katika miaka ya 1950 sangara alipandikizwa ziwani, na katika miaka ya 1980 alipofumuka, furu wengi sana wakatoweka mbele ya macho ya watafiti. Tunalijua hilo kwa sababu kundi la wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lilikuwa Mwanza tangu 1977, likivua na kuhesabu sehemu zilezile za ghuba mwaka hadi mwaka. Bila hesabu yao, wazee wa ufukweni wangesema tu kwamba zamani kulikuwa na furu wengi, na nani angewasikiliza?

Nyumbu wa Serengeti wanaeleza jambo hilohilo kwa upande wa heri. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 iliwaua ng'ombe na nyumbu kwa wingi, na wafugaji wakafa njaa. Ng'ombe walipochanjwa na ugonjwa ukakoma kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni moja katika muda usiofika miaka ishirini. Nyasi zikaliwa, mioto ikapungua, miti ikarudi. Hakuna aliyepanga jaribio hilo. Lilionekana kwa sababu watu walikuwa wakiruka na ndege ndogo wakihesabu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, hata miaka ambayo hakukuwa na lolote la kusisimua.

Kuhusu ajira, nitasema wazi kwamba hali ni ngumu. Nafasi katika hifadhi za taifa, taasisi za utafiti wa wanyamapori, uvuvi, misitu na kilimo, au katika mamlaka za dawa, viwango na mazingira hazilingani na idadi ya wahitimu. Maabara za hospitali hutaka usajili wa kitaaluma ambao shahada ya mikrobiolojia peke yake mara nyingi haiutoi, na mwanafunzi huligundua hilo akiwa ameshavaa joho. Vyuo vingepaswa kumwambia siku ya kwanza. Wengi huishia kufundisha sekondari, na hapo ningependa tuache kusema "kuishia". Shule zetu zina njaa ya walimu wa sayansi. Mwaka 2014 serikali ilijaribu kuziba pengo kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo wakarudishwa nyumbani. Njia ya mkato haikufika. Mwalimu mmoja wa biolojia anayewapeleka wanafunzi mtaroni kuchota maji na kuyaangalia kwa hadubini anazaa wanabiolojia wengi kuliko mradi wowote ninaoujua.

Lakini kuipima biolojia kwa nafasi za kazi zilizotangazwa ni kuacha nje kazi ambazo biolojia yenyewe imezizaa. Keto Mshigeni alikuwa mwalimu wa botania Dar es Salaam aliyejikita katika mwani, mmea ambao katika miaka ya 1970 wachache waliuona kuwa somo la msomi mzima. Alipita ufukwe baada ya ufukwe akiuliza ni mwani upi unaota wapi, kwa kasi gani, na kama unaweza kulimwa. Mwaka 1989 kilimo cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani, Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na ndani ya miaka michache maelfu ya wanawake wa pwani ya mashariki walikuwa na mashamba baharini na fedha mikononi mwao. Mwani ukawa miongoni mwa bidhaa kuu ambazo Zanzibar inauza nje.

Hadithi hiyo haikuishia kwenye mafanikio, na ndiyo maana inafaa kufundishwa. Maji ya kina kifupi yamezidi kupata joto, na kotonii, mwani wenye bei nzuri, umekuwa ukifa mashambani huku spinosamu wenye bei ndogo ukistahimili. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar, amefanya kazi na wakulima hao kwa miaka mingi, akijaribu nao neti za mirija zinazoweza kuwekwa kwenye kina kirefu chenye maji baridi, na kuwasaidia kusaga mwani na kutengeneza sabuni badala ya kuuza mkavu kwa bei ya mnunuzi. Wengi wa wakulima hao hawakuwa wazoefu wa kuogelea wala hawakuwa na mashua, kwa hiyo kuhamia kina kirefu lilikuwa suala la usalama na umiliki kama lilivyokuwa la joto la maji. Mwanabiolojia aliyeishia maabara asingejua hilo. Mama wa Paje angemwambia, kama angekwenda kumuuliza, na kwa lugha ya kuulizana.

Lugha ni kipingamizi ambacho kila mtu Mlimani anakijua. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali amesoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba, sekondari na chuo amesoma kwa Kiingereza, na usiku kwenye kundi la majadiliano bwenini anaelezana na wenzake kwa Kiswahili, kisha anajibu mtihani kwa Kiingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kwa hiyo istilahi zipo. Kinachokosekana ni zoezi. Ningependa kila ripoti ya mwaka wa tatu iwe na kurasa mbili za Kiswahili zilizoandikwa kwa ajili ya watu wa mahali utafiti ulipofanyika, na zisahihishwe na kupewa alama kama sehemu nyingine. Mhitimu asiyeweza kumweleza mkulima kwa nini pingili ya muhogo aliyopewa na shemeji yake inabeba virusi, ingawa inaonekana nzima, hajamaliza kusoma.

Mradi wa utafiti unaozaa ripoti hiyo ya mwaka wa tatu ndio mahali ambapo mabadiliko yanaweza kuanza bila kusubiri bajeti kubwa. Kwa sasa kila mwanafunzi anatafuta mada yake mpya, anakwenda mara chache, anaandika, anapata alama, na ripoti inalala kabatini. Mwaka unaofuata mwingine anakwenda kwingine. Jumla ya juhudi hizo ni kubwa, ila vipande havishikani.

Chuo cha Dar es Salaam kina mikoko ya Kunduchi, msitu wa Pugu, hifadhi ya Pande na mto Msimbazi, vyote katika umbali wa daladala au basi la chuo. Idara ingechagua maeneo manne na vipimo visivyozidi kumi: idadi na unene wa miti kwenye vipande vilivyowekewa alama, ndege wanaosikika alfajiri kwa muda uliopangwa, kaa kwa kila mita ya mraba, joto na chumvi ya maji, wadudu wa majini wanaojulikana kwa kuvumilia au kutovumilia uchafu. Kila kundi la mwaka wa tatu lingepokea data za kundi lililotangulia, likapima upya pale pale kwa njia ile ile, likatafuta makosa ya wenzao na kuongeza swali moja lake. Vielelezo vingekwenda hebaria na makumbusho ya idara vikiwa na tarehe na mahali, na sampuli chache za DNA zingehifadhiwa kwenye etanoli kwa siku ambayo fedha za kuzisoma zitapatikana. Nairobi ingeweza kufanya hivyo kwenye misitu ya Karura na Ngong, Makerere kwenye vinamasi vya mafunjo kando ya ziwa, na Taasisi ya Sayansi za Bahari, kwenye kampasi yake ya Buyu, Zanzibar, kwenye nyasi za bahari zilizo karibu nayo.

Gharama yake ni nauli, kamba, tepu za kupimia, thamomita, madaftari yasiyolowa, na mhadhiri mmoja anayekubali kazi yake ya miaka kumi ihesabiwe wakati wa kupandishwa cheo hata kama machapisho yatachelewa. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linahitaji kamati za vyuo zibadilishe kanuni zao, na hapo ndipo ningewaomba wakuu wa idara waanze mazungumzo mwaka huu wa masomo.